Saa ya Mkunga wa Pate

Nimefunga duka langu la saa mwezi uliopita, na vyombo vyangu nimewagawia mafundi wenzangu walio wadogo kwangu. Walipokuwa wakivifungasha, mmoja wao aliniuliza ni saa gani, kati ya zote nilizofungua, ambayo haijanitoka moyoni. Nikamjibu, "Ya Bi Mwanakheri," naye akadhani ni jina la kiwanda. Basi nimeona bora niandike. Sitaeleza nilichuma nini wala nani alinisifu, kwa sababu hayo hayamfundishi mtu kushika kibanio. Nimeandika Kiswahili cha skuli ili kila mtu aelewe. Lakini wazee wangu wanaosema humu nimewaacha waseme chao.

Kazi hii niliianza nikiwa mtu mzima mwenye mke, miaka ya hamsini ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza. Kabla yake nilikuwa nashona kofia za vito, yaani za matundu, hapa kisiwani Amu. Kofia moja ina matundu mamia, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa mkono. Ukikosea moja, jicho la mwenye kofia huliona hilo hilo kila siku. Bwana Shee, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa fundi wa saa mjini, alikuja kuchukua kofia yake ya Idi. Hakuitazama. Aliipitisha vidole juu yake, tundu kwa tundu, kisha akasema, "Omari, zidole zako zimetulia. Ndoo kesho dukani." Nilidhani ana kofia nyingine ya kushonesha.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kaskazini, meza iliyochongwa ukingo ili vitu visidondoke, na bilauri saba zilizofudikizwa. Kila kipande kilichotoka ndani ya saa kilikaa chini ya bilauri yake, kwa mpango kilivyotoka. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa. Ya pili ilikuwa kutopumua kuelekea mezani. Ya tatu, skurubu ikianguka, hakuna anayeinua mguu mpaka ionekane. Siku yangu ya kwanza nilisimama kwa mguu mmoja na nusu tangu asubuhi hadi karibu na adhuhuri, na skurubu tuliipata kwenye mkunjo wa kikoi changu mwenyewe.

Mwezi mzima alinipa saa moja ya kengele niifungue na kuifunga. Mara ya kwanza niliifunga ikatembea vizuri, ila gurudumu moja lilibaki chini ya bilauri. Bwana Shee akaliinua. "Mwenye saa hii amelitoa sadaka?" akauliza. Nikaifungua tena.

Wateja wetu walikuwa wa namna mbili. Wa kwanza walirekebisha saa zao kila magharibi, jua likizama ni saa kumi na mbili kamili. Wa pili walikuwa makarani wa serikali, waliotaka saa ya Kizungu na ambao saa zao zilikuwa mbele au nyuma ya kila mtu mwingine msikitini. Tulizitengeneza zote bila kubagua.

Mwaka wangu wa nne dukani, asubuhi moja mashua ya kutoka kisiwa cha Pate ilipokwisha kushusha watu, mwanamke wa makamo aliyevaa buibui alipiga hodi. Akaweka mezani chupa ya mdomo mpana iliyojaa mafuta ya nazi. Chini kabisa, ndani ya mafuta, kulikuwa na kitu kilichowaka manjano.

"Sabalkheri, Bwana Shee. Mimi ni Mwanakheri, mkunga wa Pate. Saa yangu imenwa mayi ya pwani."

Alikuwa akishuka kutoka mashuani siku iliyotangulia, maji yakiwa mapajani, akateleza na kupiga mkono kwenye ubavu wa chombo. Kioo kilipata ufa, na saa ikazama pamoja na mkono.

Bwana Shee aliinua chupa kwenye mwanga. "Ni nani aliyekwambia uitie mafutani?"

"Hakuna mtu. Niliiosha kwa mayi ya mvua mara tatu, ndipo nikaitia mafuta. Kisu kikipata mayi ya pwani, si ndivyo tufanyavyo?"

"Nimeona mafundi Mombasa wakiziua saa kwa kuzianika yuwani," Bwana Shee akasema. "Wewe umeiokoa kabla sijaigusa."

Niliitoa kwa kibanio, nikaipangusa. Ilikuwa nzito, ya dhahabu, uso wake wa rangi ya maziwa. Kioo kilizungukwa na pete, nayo imechorwa dakika zote sitini na alama moja ya pembe tatu. Ukiisukuma kwa kidole, pete ile inazunguka. Sikuwahi kuona saa ya namna hiyo.

"Lakini hii ni saa ya mwanamume," nikasema.

"Na mwanamume ataivaaje dhahabu?" akanijibu.

Mumewe, Bwana Athmani, alikuwa mtia makaa kwenye meli. Siku moja bomba la mvuke lilipasuka, akamtoa mhandisi kwa mikono yake miwili. Mhandisi akavua shukrani zake mkononi, yaani saa hiyo, akampa. Bwana Athmani aliileta Pate imefungwa kitambaani na kumpa mkewe, kwa kuwa dini inamkataza mwanamume dhahabu, na kuiuza kulimtia haya.

Bwana Shee aliuliza kwa upole inamfaa nini mkunga. Bi Mwanakheri akanyoosha kidole juu ya pete, kisha kwenye akrabu ndefu, mshale wa dakika.

"Utungu ukianza, naizungusha hii hata alama ikae mbele ya akrabu ndefu. Utungu wa pili ukianza, natazama akrabu imekwenda umbali gani. Sihisabu kwa kitwa. Wakati ule kitwa changu kina mambo mengi."

Akaendelea kwa sauti ile ile, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Zamani nalikuwa nakisia. Mwanangu Somoe alinifia mikononi. Siku nzima nilimwambia bado kidogo, bado kidogo, hata mayi yakatoka na mashua zikakaa matopeni. Mayi yalipoyaa tena, hakuwa na haja ya mashua."

Anayeijua Pate anajua kwamba maji yakitoka, mji unazungukwa na tope, na hakuna chombo kinachoondoka mpaka yarudi. Hospitali ilikuwa Amu.

"Saa hii hainambii kumekuwa saa ngapi," Bi Mwanakheri akasema. "Yanambia wakati wa kukubali kuwa nimeshindwa, mayi yangaliko."

"Una mzazi sasa?" Bwana Shee akauliza.

"Mpwangu, Mwanaesha. Mimba ya kwanza, na nyonga zake ni za Somoe. Naona hazidi siku kumi."

Bwana Shee akafunga chupa kwa kifuniko chake. "Rudi Pate, Bi. Saa itakufuata." Tulikuwa hatujaifungua hata mgongo.

Mgongo wenyewe ulikuwa wa skurubu, wenye vijino pembeni, na chombo cha kuufungulia hatukuwa nacho. Bwana Shee alitafuta bikari ya zamani, akanipa tupa, nikazichonga ncha zake mbili mpaka zikakaa sawasawa kwenye vijino. Tukaifunga saa kwa kitambaa, yeye akaishika, mimi nikazungusha. Mara ya tatu ikakubali.

Nilitarajia kuona magurudumu na kamani, ule utepe wa chuma unaoyasukuma. Nilichokiona ni kipande kizito cha chuma cha manjano, umbo la mwezi wa siku saba, kimelala juu ya mashine yote. Bwana Shee aliinamisha kiganja. Kipande kikazunguka chenyewe, taratibu, bila sauti, kikasimama upande wa chini. Akainamisha upande wa pili, kikarudi.

"Ni nini hiki?" nikauliza.

"Nilisikia habari zake Mombasa kwa Mhindi aliyenifunza. Sikupata kuiona." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mkono ukitembea, hiki huzunguka. Kikizunguka, kamani hukazwa. Saa hii haitiwi ufunguo, Omari. Mwenyewe akiishi, nayo yaishi."

Nilimfikiria mwanamke yule akikuna nazi, akiteka maji kisimani, akiwasugua migongo wanawake wenye uchungu, na kila alipofanya hivyo alikuwa akiijaza saa bila kujua. Kuna mtu mahali fulani duniani aliyekaa akafikiri jambo hilo, kisha akalichonga likaenea kwenye kifundo cha mkono. Mteja mmoja aliingia akataka saa yake. Hatukumgeukia, akaenda zake. Bwana Shee alikuwa bado anainamisha kiganja huku na huku. "Subhanallah," akasema. "Subhanallah."

Kisha tukaanza kazi. Mafuta ya nazi yalikuwa yamezuia kutu isienee; tulikuta vumbi jekundu pembe moja tu. Tuliosha kila kipande kwa petroli na brashi ya manyoya, na ufa wa kioo tukauziba kwa gundi. Kilichovunjika, kwa ule mkono kugonga ubavu wa mashua, kilikuwa mhimili wa gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi na kuipa saa mapigo yake. Ncha ya mhimili huo ni nyembamba kuliko unywele. Kuagiza mwingine Mombasa kungechukua majuma. Ilibidi tuuchonge.

Bwana Shee alichagua sindano ya kushonea, akaitia moto, akaifunga kwenye kerezo yake ndogo ya kuchongea vyuma, iliyozungushwa kwa uta wa mkono, kama keke ya seremala. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe, siku mbili na nusu. Mara nyingi alifumba macho. Nilidhani anasoma dua, nikanyamaza ili nisimkatize. Siku ya nne akaniwekea mhimili kiganjani na kuniambia niutie mahali pake.

Niliuvunja. Sikusikia kitu wala sikuhisi kitu. Kibanio kiliteleza, na nilipotazama kwa lenzi, ncha haikuwapo. Kwa muda fulani, na nasema hili kwa ajili ya nyinyi mnaoanza, nilikaa nikitunga maneno. Chuma kilikuwa kikavu mno. Sindano ilikuwa na ila.

"Umevundika?" Bwana Shee akauliza kutoka mezani pake.

"Nimeuvunja."

"Vyema umesema hivyo," akajibu, akaondoka kwenda kuswali adhuhuri.

Aliporudi aliketi kwenye kiti changu, akanionyesha chake. "Tonga mwingine."

"Mimi? Bwana Shee, sijawahi."

"Mimi sioni, Omari." Alisema akitazama dirishani. "Mwaka wa pili huu. Akrabu naziona, gurudumu naliona, ncha sizioni. Ule niliutonga kwa ukucha."

Alinionyesha. Aliweka ncha ya sindano juu ya ukucha wa kidole gumba na kuivuta polepole. Kwa mkwaruzo ule alijua unene wake, kama imekaa sawa, kama ina kona. Siku mbili na nusu alikuwa amechonga kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiona, nacho kingekaa sawasawa kwenye shimo lake kama nisingekivunja mimi. Nimekutana na mafundi wengi baada ya hapo, wengine wenye vyeti ukutani. Sijaona tena kazi kama ile.

Nilichonga mitatu. Wa kwanza uliruka, tukasimama kwa mguu mmoja, hatukuupata. Wa pili ulikuwa mnene. Wa tatu nilikuwa nikimpa aujaribu kwa ukucha kila baada ya mizunguko michache, naye akisema, "Punguza," mpaka aliposema, "Basi, usiuguse." Siku ya tisa, kabla ya alasiri, nililiweka gurudumu la mizani mahali pake, na kabla sijaondoa mkono likaanza kwenda na kurudi. Bwana Shee hakuhitaji kuliona. Aliinamisha sikio akatabasamu.

Alfajiri ya siku ya kumi nilipanda mashua ya kwenda Pate. Swali lilikuwa nitaibebaje saa. Kuivaa sikuweza, na nilihofu nikiitia mfukoni itasimama. Bwana Shee akaniambia niifunge kwenye leso niishike, nitikise mkono kidogo kidogo. Nilitikisa mkono tangu bandarini, tukapita mkondo wa Mkanda kati ya mikoko, hadi Pate. Abiria mmoja aliniuliza kama nina homa. Baadaye nilijua kwamba saa ile ingetembea siku nzima na zaidi bila kuguswa.

Tulifika maji yakiwa yanajaa, kama saa tatu za asubuhi. Nyumbani kwa Bi Mwanakheri, mtu mrefu mwenye makovu ya moto mikononi alikuwa amesimama kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlangoni. Ndiye Bwana Athmani. Hakunisalimu kwa kirefu.

"Umekuya nayo?"

"Ninayo."

"Mwanaesha ameanza tangu yana magharibi," akasema, akamwita mkewe.

Pazia lilisogea, mkono ukatoka, umelowa hadi kiwiko. Nilifungua leso nikaweka saa kiganjani.

"Yaenda?" sauti ya Bi Mwanakheri ikauliza.

"Inakwenda, Bi."

Mkono ukarudi ndani. Nikaketi dakani na Bwana Athmani, sote tukitazama upande wa maji. Ndani nilisikia sauti ya msichana, kisha kimya, kisha sauti tena. Nilikuwa nimezoea kusikiliza saa zikipiga. Siku hiyo nilijikuta nasikiliza vile vipindi vya kimya vya katikati. Vilikuwa vifupi, na vyote sawa.

"Athmani, mayi?" Bi Mwanakheri aliuliza kutoka ndani.

"Yangali yayaa."

Baada ya muda: "Mayi?"

"Yamesimama."

Kisha kwa muda mrefu halikuulizwa swali. Bwana Athmani aliinuka mwenyewe, akaenda hadi pembe ya ukuta, akarudi. "Mwanakheri, yameanza kutoka," akasema.

Pazia likafunguka, Bi Mwanakheri akatoka. Saa ilikuwa mkononi mwake. Nyuma yake alitoka bibi mzaa baba wa Mwanaesha, mwanamke mzee sana, aliyekuwa akimvuta nguo.

"Mwana wa kwanza hukawia," bibi akasema. "Usimtie msichana mashuani mbee ya watu. Ngoja. Bado kidogo."

"Tazama hapa, mamangu," Bi Mwanakheri akasema, akamwekea mkono mbele ya uso. "Utungu waya kila dakika tatu tangu mtu huyu aketi hapa, na mtoto hakushuka hata upana wa kidole. Mayi yana saa moya. Hiyo 'bado kidogo' nimekwisha kumwambia mwanangu. Simwambii huyu."

Bibi alitazama saa, ingawa sidhani kwamba aliweza kuisoma. Kisha akaachia nguo, akavua shali yake, akaenda kumfunika mjukuu.

Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba, watu wanne, nami nilishika pembe moja. Tope lilitufika magotini, na kati ya tope na mashua maji yalikuwa yamebaki mapajani tu. Nahodha alikuwa akipiga kelele kwamba chombo kinagusa chini. Tuliinua kitanda juu ya vichwa, tukakipitisha, kisha tukasukuma mashua kwa mabega mpaka ikaelea. Nilipogeuka kuitazama Pate, mahali tulipopita palikuwa pamekwisha kuwa pakavu.

Safari yote Bi Mwanakheri alikaa kichwani pa Mwanaesha. Hakumdanganya. "Ni mbali," nilimsikia akisema, "lakini twaenda. Nishike. Mwingine waya sasa hivi." Na ulikuja wakati ule aliousema, kila mara. Msichana, aliyekuwa akilia kwa hofu tulipoondoka, alianza kumtazama usoni kabla ya kila uchungu, akijua ataambiwa kweli.

Tulifika Amu karibu na saa kumi. Daktari wa serikali wakati huo alikuwa kijana wa Kizungu, hana hata mwaka mjini, aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kukisema kwa usafi ulioniaibisha. Alimtazama Mwanaesha, akasema maneno mawili kwa wasaidizi wake, na mlango ukafungwa. Tulikaa barazani: Bwana Athmani, nahodha, mimi. Bi Mwanakheri aliketi sakafuni, mgongo ukutani, tope la Pate likimkaukia miguuni. Aliivua saa akaishika kwa mikono yote miwili. Aliwaza nini sijui. Mimi nilikuwa namfikiria Somoe, ambaye sikumjua.

Kilio kilipotoka ndani kilikuwa dhaifu, kikakatika, kikarudi kwa ghadhabu. Bwana Athmani aliegemeza paji la uso kwenye nguzo. Mlango ulipofunguka, daktari alitoka akiwa amelowa jasho. Akasema ni mtoto wa kike, na mama yu hai, na wote wawili watapona. Kisha akasema kwamba kama tungengoja maji ya pili, asingekuwa na la kufanya kwa yeyote kati yao.

"Nani aliamua mje wakati ule?" akauliza.

Sote tulimtazama Bi Mwanakheri. Daktari akamwendea. Nilidhani atamwuliza umri wa mzazi, au atamlaumu kwa jambo fulani, kama walivyozoea kuwalaumu wakunga. Akaiona saa, akauliza ni ya nini.

Bi Mwanakheri hakusimama. Aliivaa tena, akaweka kidole kwenye pete, akaizungusha mpaka alama ikakaa mbele ya akrabu ndefu. Akamweleza: uchungu wa kwanza hapa, wa pili hapa; dakika zikiwa hivi, ngoja; zikiwa hivi na mtoto hashuki, tazama maji. Alieleza kwa maneno machache, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu hakuona kwamba ni jambo kubwa.

Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaegemeza mgongo ukutani, akateremka taratibu mpaka akaketi sakafuni karibu naye, koti lake jeupe likigusa tope. Akatoa daftari mfukoni.

"Tafadhali, Bi," akasema, "anza tena mwanzo. Polepole."